Picha ya setilaiti ya mvuke: namna ya kuisoma kabla dhoruba haijafika ziwani

Masika ikianza tu, maswali kuhusu picha ya mvuke ni yaleyale. "Mbona simu inaonyesha weupe juu ya Mwanza na huku jua linawaka?" "Mbona jana jioni ziwa lilikuwa jeusi kwenye picha, na usiku mitumbwi ikapigwa?" Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka pamoja. Nitatumia Ziwa Victoria kama mfano mkuu kwa sababu ndilo ninalolitazama kila siku, halafu mwishoni nitagusa vimbunga vya pwani.

Kabla ya yote shika jambo moja, kwa kuwa karibu makosa yote huzaliwa hapa. Picha ya mvuke, yaani picha ya setilaiti inayotazama mvuke wa maji ulio angani, haionyeshi mvua. Haionyeshi hata unyevu wa hewa unayoivuta wewe. Inaonyesha unyevu wa juu kabisa, kilomita nane hivi kutoka usawa wa bahari. Mvuke wa huku chini umefunikwa na ule wa juu, setilaiti haiufikii. Unaweza kuwa Mwanza unatoka jasho mpaka shati linagandia mgongoni, na picha ikawa nyeusi tii juu ya kichwa chako. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja.

Unachohitaji

Simu yenye skrini ya kutosha, au kompyuta kama unayo. Bando la intaneti, na si dogo, maana mfululizo wa picha za saa ishirini na nne unakula data kweli. Daftari na kalamu. Ramani ya ziwa iwe kichwani: Ukerewe na Ukara ziko wapi, Musoma, Kisumu, visiwa vya Ssese, Bukoba. Kama huwezi kunyoosha kidole penye Ukerewe kwenye picha isiyo na majina, anzia hapo kwanza.

Na uwe na taarifa ya siku ya mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako. Kwa Tanzania ni TMA, na maneno yao yana ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mwongozo huu unakusaidia kuelewa kwa nini wametoa tahadhari. Haukupi ruhusa ya kuipuuza.

Hatua

1. Chagua setilaiti iliyo juu yetu. Fungua EUMETView, tovuti ya bure ya EUMETSAT, shirika la Ulaya linaloendesha setilaiti za Meteosat. Utakuta picha za setilaiti zaidi ya moja. Moja imetulia juu ya nyuzi 0 za longitudo, juu ya Ghuba ya Guinea. Nyingine ni Meteosat-9, ambayo tangu 2022 imewekwa nyuzi 45.5 mashariki kwa ajili ya Bahari ya Hindi. Chukua hiyo ya pili. Ziwa letu liko nyuzi 33 hivi, kwa hiyo Meteosat-9 inalitazama karibu kutoka utosini, na ile ya nyuzi 0 inalitazama kwa ubavu. Tofauti yake utaiona kwenye matatizo huko chini.

Kisha tafuta tabaka lililoandikwa WV 6.2. WV ni kifupi cha Kiingereza cha mvuke wa maji. Hiyo 6.2 ni urefu wa wimbi la mionzi kwa mikromita, na ndiyo picha ya mvuke wa juu. Picha mpya inakuja kila baada ya dakika 15, usiku na mchana, kwa kuwa inapima joto na si mwanga wa jua. Ndiyo maana inatufaa: dhoruba za ziwa hili hupiga usiku.

2. Rekebisha saa. Hapa wengi hupotea. Saa zilizoandikwa kwenye picha ni za UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Usihangaike kuongeza tatu kupata saa ya Kizungu halafu ukahesabu tena kupata ya Kiswahili. Toa tatu, basi. Picha ya 12:00 ni saa tisa alasiri. Picha ya 18:00 ukitoa tatu unapata 15, ondoa 12, yaani saa tatu usiku. Ya 03:00 inakupa sifuri, ndiyo saa kumi na mbili alfajiri. Na ya 00:00 ni saa tisa usiku. Andika kwenye jalada la daftari ili usije ukasema dhoruba ilianza jioni na kumbe ilianza usiku wa manane.

3. Soma kipimo cha rangi kabla ya kusoma picha. Kwenye picha ya kawaida ya kijivu, weusi ni joto na weupe ni baridi. Weusi maana yake huko juu kukavu, setilaiti inapenya na kuona tabaka la chini lenye joto zaidi. Kijivu ni mvuke wa wastani. Weupe mkali ni mawingu ya juu, ambayo kilele chake kina baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi. Lakini programu nyingine za simu hupaka rangi zao wenyewe: hudhurungi kwa ukavu, buluu au kijani kwa unyevu, na chache hugeuza kabisa. Kama hakuna kipimo cha rangi pembeni, achana na picha hiyo. Utasoma kinyume.

4. Anza kwa upana. Usikimbilie kuvuta picha hadi kijijini kwenu. Iache ionyeshe kuanzia msitu wa Congo hadi Madagaska, na kutoka Ethiopia hadi Msumbiji. Cheza mfululizo wa saa ishirini na nne zilizopita, mara tatu au nne, bila kuandika chochote. Mara ya kwanza utaona mawingu tu. Mara ya tatu jicho litaanza kuona kinachosogea katikati ya mawingu: mikanda ya kijivu inayopinda, ulimi mweusi unaoingia kutoka kusini, mahali ambapo unyevu unazunguka kama uji unaokorogwa.

Picha moja iliyosimama haikusaidii. Ningekuwa na uwezo ningewakataza wanaoanza wasitumiane picha moja moja kabisa. Weusi uliopo Tabora saa hii haukuambii kitu mpaka ujue saa sita zilizopita ulikuwa wapi na sasa unapanuka au unafifia.

5. Weka alama penye mipaka. Chora kwenye daftari mstari pale weusi unapokutana na weupe. Mpaka mkali, kama uliokatwa kwa kisu, mara nyingi unaonyesha upepo wa kasi huko juu. Mpaka uliolegea hauna haraka. Kisha jiulize: mpaka unakuja kwetu au unaondoka? Sisi tulio karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida unasukuma mambo kutoka mashariki kwenda magharibi, tofauti na wenzetu wa Ulaya au Marekani. Ukisoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kwao, yanayosema dhoruba hutoka magharibi, usiyahamishie Musoma.

Chunguza pia weusi unaozidi kuwa mweusi. Mara nyingi maana yake hewa inashuka hapo na kukauka. Na kijivu kinachong'aa taratibu bila wingu kuonekana bado, hewa ya hapo inapanda. Alama hiyo ya pili ndiyo ninayoitafuta zaidi saa za mchana.

6. Linganisha na 7.3. Fungua tabaka la WV 7.3, kama lipo kwenye tovuti unayotumia. Hili linafika chini zaidi, kilomita tano hivi kutoka usawa wa bahari. Sasa una ghorofa mbili. Kama zote mbili ni nyeusi, ukavu ni wa kina. Kama 6.2 ni nyeusi na 7.3 ni kijivu kinachokaribia weupe, ukavu umekaa juu ya unyevu, na hapo usilale.

Nieleze kwa nini, maana jambo hili lilinifedhehesha. Mtoto wa shangazi yangu anavua dagaa upande wa Ukerewe. Jioni moja ya siku za giza, zile ambazo mwezi haupo na taa za dagaa zinafanya kazi vizuri, alinipigia kutoka mwaloni kuuliza hali. Nikafungua picha ya 6.2, nikaona weusi umetanda juu ya nusu ya mashariki ya ziwa. Nikamwambia anga kavu, nendeni. Saa nane usiku upepo uliwakuta. Walirudi salama, wamekata wavu na kupoteza taa mbili, na mpaka leo akiniona ananiuliza, "Kaka, leo anga kavu?"

Kosa langu lilikuwa kutazama ghorofa moja. Chini ya ule ukavu kulikuwa na unyevu tele wa ziwa. Na hewa kavu iliyo juu au ubavuni mwa wingu la radi inaweza kuongeza hatari: matone yanapoanguka ndani yake hugeuka mvuke, hewa inapoa ghafla, inakuwa nzito, inashuka kwa nguvu kama maji ya ndoo iliyomwagwa, na ikifika juu ya ziwa inasambaa pande zote. Upepo huo ndio unaopindua mitumbwi, mara nyingi kabla hata mvua haijafika.

7. Sasa sogea ziwani, saa tisa alasiri. Vuta picha hadi uone ziwa lote na nchi kavu ya pembeni. Siku ya kawaida ya msimu wa mvua utaona kitu cha kupendeza: ziwa liko wazi, na mawingu yamesimama nchi kavu kulizunguka kama watu waliokizunguka kisima. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nje, na mawingu ya radi yanajengeka huko nje: Mara, milima ya Kenya magharibi, upande wa Uganda.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, upepo unavuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na hewa haina pa kwenda ila juu. Radi zinaota ziwani kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, kisha nyingi zinasukumwa magharibi. Bukoba hupata mvua takriban mara mbili ya Mwanza kwa mwaka, na hii ni sababu mojawapo.

Basi kazi yako ya alasiri ni kuhesabu na kupima ukali wa radi za nchi kavu. Zikiwa nyingi na kali, uwezekano wa usiku mbaya ziwani unapanda. Si hakika. Ni uwezekano, lakini unautambua saa nyingi kabla ya mitumbwi kuondoka mwaloni, na hapo ndipo una maana.

8. Pima ukali wa wingu. Hapa weka picha ya mvuke kando ya picha ya joto la vilele vya mawingu, iliyoandikwa IR 10.8. Angalia mambo matatu.

Kwanza, kasi ya kutanuka. Wingu la radi linapofika kwenye dari ya anga, ambayo kwetu iko kilomita 16 au 17 juu, haliwezi kuendelea, linatandaa kama moshi uliogonga bati. Linganisha picha mbili zilizopishana dakika 15. Doa jeupe lililokuwa kama punje ya mchele na sasa ni kama kunde linakua kwa nguvu.

Pili, ukingo. Ukingo mkali upande mmoja na uliochanika upande mwingine unakuambia upepo wa juu unavutia wapi.

Tatu, kilele kinachotoboa dari. Wingu lenye nguvu sana hupenya dari kidogo na kufanya uvimbe. Kama tovuti yako inakupa nyuzi za joto ukigusa picha, gusa uvimbe huo kwenye 6.2, kisha kwenye 10.8. Kwa kawaida 6.2 husoma baridi zaidi. Ukikuta 6.2 ina joto kuliko 10.8, mvuke ulioko juu ya dari, ambako hewa ina joto zaidi, ndio unaoonekana mbele ya kilele cha baridi. Huyo ni mnyama mkubwa. Andika mahali na saa.

9. Andika sentensi moja, kisha linganisha na taarifa rasmi. Mfano: "Saa kumi jioni, radi nne kali mashariki ya ziwa, moja imetoboa dari karibu na Musoma, zinaenda magharibi, ukavu juu ya unyevu." Kesho yake andika kilichotokea. Bila nusu hii ya pili utaendelea kukosea vilevile miaka kumi.

Kama uko pwani: vimbunga

Hatua ni zilezile, ila unatazama siku tatu na si saa ishirini na nne. Kimbunga chenye afya kwenye picha ya mvuke kina weupe uliojikusanya katikati, na pembeni kinatoa manyoya membamba yanayosambaa nje pande zote. Manyoya hayo ni pumzi: hewa inayopanda katikati inapata njia ya kutokea juu. Yakiwa upande mmoja tu, kimbunga kinasukumwa na upepo wa juu. Na ulimi mweusi ukianza kujiviringisha kuelekea katikati, hewa kavu inaingia na kimbunga kiko mashakani.

Kenneth, Aprili 2019, kilipata njia nzuri juu ya maji ya joto kaskazini ya Msumbiji, kikaongezeka nguvu haraka na kupiga Cabo Delgado tarehe 25. Jobo, Aprili 2021, kilielekea Dar es Salaam na watu wakaingiwa na hofu, lakini upepo wa juu na hewa kavu vilikitafuna njiani, kikafika pwani kikiwa mabaki. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimepungua nguvu, na bado mvua yake ilileta mafuriko mikoa ya kusini. Usichukue Jobo kuwa kanuni. Anayewaambia watu "hivi huwa vinafia baharini" hajawaona wa Cabo Delgado.

Mambo yakikataa

*Picha haichezi, imeganda.* Mara nyingi ni bando au simu kujaa. Punguza mfululizo hadi saa sita, kila baada ya dakika 30. Pia angalia saa ya picha ya mwisho. Nimeona mtu akitoa utabiri wa leo kwa picha ya juzi.

*Kila kitu ni kijivu, sioni mpaka.* Wakati wa masika hewa ya juu imejaa mvuke kila mahali, ni kawaida. Nenda 7.3, au rudi kwenye upana wa hatua ya nne.

*Weupe umekaa juu yetu na hakuna tone.* Ni mabaki ya wingu: utando mwembamba wa barafu uliobaki baada ya radi kufa, au uliopeperushwa kutoka mbali. Kwenye 10.8 utando huo utaonekana hafifu kuliko ulivyo kwenye 6.2. Weupe mkali kwenye zote mbili ndio wa kuogopa.

*Mvua inanyesha na picha inaonyesha kijivu tu.* Mvua hiyo inatoka kwenye mawingu ya chini. Picha ya mvuke haiyaoni. Manyunyu ya Bukoba asubuhi na mvua za mlimani mara nyingi ni za aina hii.

*Wingu liko mahali pasipo pake.* Setilaiti inaona kilele, na kilele kinachotazamwa kwa ubavu huonekana kimehama. Kwa wingu la kilomita 15 juu ya ziwa letu, Meteosat-9 inalisogeza kilomita nne hivi magharibi, na setilaiti ya nyuzi 0 inalisogeza karibu kilomita 12 mashariki. Kilomita 12 zinatosha kulitoa wingu juu ya Ukara na kulipeleka pasipo na mtu.

*Nimeona dalili zote na usiku ukapita shwari.* Hiyo itakutokea mara nyingi. Andika hata hiyo. Na kama mtu wa mwaloni atakupigia simu kuuliza aende au asiende, msomee kwanza taarifa ya TMA, ndipo umwambie ulichokiona wewe.